Kazi ya maji, na hayo majitaka mnayoyakimbia

Maswali ya wiki hii mengi ni ya vijana wanaotaka kazi za maji, nimechukua haya.

Nimemaliza kidato cha sita PCM, nipo Kondoa. Nisome uhandisi ujenzi au wa maji?
Mdogo wangu, kama roho yako iko kwenye maji soma maji, usizunguke. Na msidharau Chuo cha Maji pale Ubungo, fundi sanifu aliyeshika spana mapema ana faida yake.

Mshahara wa mhandisi wa maji shilingi ngapi?
Kila wiki hili. Inategemea mwajiri, ngazi na uzoefu, nishasema mpaka nimechoka.

Shikamoo. Nina diploma ila kazini wananiita injinia, niandike hivyo kwenye CV?
Marahaba. Usiandike, hilo jina linalindwa na sheria. Hata mwenye digrii lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anaanza kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya waliomtangulia miaka kama mitatu ndo aombe kuwa mhandisi mtaalamu.

Nimepangiwa fildi majitaka, nyumbani wananicheka. Nahamaje? (Dada wa Nkuhungu)
Usihame dada yangu! Serikali imehamia huku Dodoma, nyumba zinaota kila kona, kila mtu anapigania maji ya visima vya Mzakwe yamfikie, siku mita inafungwa ni vigelegele, ila muulize yakishatoka bafuni yanaenda wapi, anakuonesha shimo uani, na hatua chache toka hapo jirani kachimba kisima anakunywa. Maji yakiingia mjini lazima yatoke, na wa kuyatoa ni wewe. Nenda mabwawa ya kusafisha majitaka ya Swaswa ukaangalie vizuri, bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa oksijeni, jua letu hili hili tunalolilalamikia linaua vimelea. Mji mkavu kama wetu unahitaji watu wanaoijua hiyo sayansi, na wenzako wote wamejazana majisafi. Wanaokucheka waulize choo chao kikijaa wanampigia nani.

Bosi ananiambia niingie kwenye chemba nizibue, dakika mbili tu. Niingie?
Usiingie. Gesi ya haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, mwanzo inanuka yai viza halafu ikizidi inaua pua, hunusi tena, unadhani imeisha kumbe ndo unaondoka. Na mara nyingi hafi mmoja, wa kwanza anaanguka, anayemfuata kumuokoa naye anabaki humo. Kifaa cha kupima gesi kwanza, fungueni chemba ya juu na ya chini hewa ipite, mkanda na kamba, mtu juu asiyebanduka. Hamna hivyo vitu, zibueni mkiwa juu, bosi akinuna anune. Na nyie wenye nyumba mnaoingiza vijana wa mtaani kwenye mashimo ya choo kwa hela ya kula, acheni, iteni gari la kunyonya.