Microsoft iliponunua GitHub: waliohama, waliobaki, na kisichobebeka

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kama ni kweli wakongwe walihama GitHub, jukwaa la mtandaoni la kuhifadhi msimbo wa programu, baada ya Microsoft kuinunua, kama kelele zao zilikuwa na msingi, na kama wewe unayemaliza chuo uanze kuweka kazi zako kwingine kwa sababu GitHub sasa imeingizwa kwenye kitengo cha akili mnemba cha Microsoft. Nitajibu kwa niliyoyaona hapa Nairobi. Wenye maoni tofauti watanisahihisha, hilo halina shaka.

Kuhama walihama, lakini wengi walihama kwa mdomo. Tangazo rasmi lilitoka Jumatatu, tarehe 4 Juni 2018: dola bilioni 7.5, zikilipwa kwa hisa za Microsoft. Uvumi ulikuwa umeshatapakaa tangu wikendi, na GitLab, jukwaa shindani, walikuwa wakionyesha hadharani jinsi repo, yaani hifadhi za msimbo wa kila mradi, zinavyomiminika kwao. Wakati huo nilikuwa kwenye ofisi ndogo Kilimani, tukiunganisha mifumo ya wateja na Daraja, ile API (njia ya programu kuzungumza na programu nyingine) ya M-Pesa. Kundi letu la WhatsApp liligawanyika kabla hata ya chai ya saa nne. Upande mmoja walikuwa watu wa Linux, mfumo endeshi huria, wakikumbusha kwamba mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft enzi hizo, aliifananisha Linux na saratani, na kwamba nyaraka za ndani zilizovuja mwaka 1998 zilionyesha kampuni ikipanga namna ya kuikabili programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote. Upande wa pili walikuwa watu wa .NET, zana za Microsoft za kujengea programu, na katika mji huu si wachache, maana benki na sacco nyingi zinaendesha mifumo iliyojengwa humo. Hao walichekelea. Kwao Satya Nadella, aliyeshika usukani mwaka 2014, hakuwa Ballmer: alikuwa ameifungua .NET, ametoa bure VS Code, programu ya kuandikia msimbo, na mwaka 2017 kampuni yake ilitangaza kuifunga CodePlex, jukwaa lake lenyewe la kuhifadhi msimbo, ikawaelekeza watumiaji wake GitHub.

Ukiniuliza nani alikuwa na haki, nitakuambia hakuna aliyekuwa anazungumzia kilichokuwa kinatuamulia mambo sisi wa huku, nacho ni bei. Repo ya faragha kwenye GitHub ilitaka dola 7 kwa mwezi kwa mtu mmoja, kama shilingi 700 za wakati ule, na ulipe kwa kadi. Kijana anayefanya vibarua vya tovuti Ngong Road hakuwa na kadi hiyo. Ndiyo maana ofisi nyingi ndogo zilikuwa Bitbucket, jukwaa jingine la aina hiyo, ambako timu ya watu watano haikulipa kitu, au GitLab, ambako repo za faragha zilikuwa bure bila kikomo. Kwa hiyo baadhi ya "wakimbizi" wa Juni 2018 walikuwa wamefunga virago kitambo, wakisubiri kisingizio tu. Kisha Januari 2019 GitHub chini ya mwenye mali mpya ikatoa repo za faragha bure kwa hadi washirika watatu, na Aprili 2020 ikaondoa kikomo cha washirika. Sijasikia mtu akitangaza kwamba anarudi. Walirudi tu.

Na kuna kichekesho ambacho watu wa siku hizi hawakijui: GitLab tuliyokuwa tunaikimbilia ilikuwa inaendeshwa kwenye Azure, huduma ya seva za kukodi ya Microsoft yuleyule. Ilihamia Google Cloud miezi michache baadaye, na mpango huo haukuanzishwa na mauzo haya.

Mkubwa wetu alikuwa upande wa Linux, akaamuru tuhame. Hapa ndipo pana somo, kwa hiyo nivumilie. Msimbo wenyewe ulihama alasiri moja. Unapiga `git clone --mirror`, unafungua repo tupu upande wa pili, unapiga `git push --mirror`, basi: matawi yote, lebo zote, historia yote. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo ambayo GitHub imejengwa juu yake, imeumbwa hivyo. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliiandika mwaka 2005 baada ya kampuni iliyomiliki BitKeeper, programu waliyoitumia kabla kwa kazi hiyo, kuwanyang'anya watu wa Linux ruhusa ya kuitumia bure, na katika muundo aliouchagua kila mwenye nakala anayo nakala kamili. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilizaliwa na ugomvi wa aina hii hii, na kwa upande wa msimbo ugomvi huo ulishamalizwa.

Kilichotutoa jasho ni vingine. Tiketi za hitilafu zilikuja lakini majina ya walioziandika yakapotea. Maoni tuliyoandikiana mstari kwa mstari wakati wa kukagua kazi, ambayo ndiyo yalikuwa kumbukumbu ya kwa nini tuliamua hivi na si vile, yalifika yamekatikakatika. Seva ya mteja ilikuwa inavuta toleo jipya kutoka anwani ya zamani. Majaribio ya kiotomatiki yalibidi yaandikwe upya. Halafu wale wachangiaji wachache wa nje waliokuwa wakiturekebishia maktaba yetu ndogo ya malipo hawakutufuata, kwa sababu nani atafungua akaunti mpya ili arekebishe herufi moja?

Unakumbuka, au muulize mzazi, Aprili 2011 Wakenya waliporuhusiwa kuhama mtandao wa simu na namba zao? Namba ilihama, M-Pesa haikuhama. Watu wakapiga hesabu wakabaki. GitHub ni vivyo hivyo: namba yako utaibeba, ila waliozoea kukupata pale huwezi kuwabeba.

Sasa hofu zenyewe. Mwaka 2018 tuliogopa matangazo ya biashara, tukaogopa kulazimishwa kuingia kwa akaunti ya Microsoft, tukaogopa mshindani kuchungulia repo za faragha. Nat Friedman, aliyetoka kampuni ya Xamarin, alipewa uongozi wa GitHub mauzo yalipokamilika Oktoba mwaka huo, na kwa sehemu kubwa mambo hayo hayakutokea. Lililotokea hakuna hata mmoja kwenye kundi letu aliyelitaja. Juni 2021 ilionyeshwa Copilot, msaidizi wa akili mnemba wa kuandika msimbo, iliyofundishwa kwa msimbo wa wazi, ule tuliokuwa tumeuweka pale kwa hiari yetu, na mwaka mmoja baadaye ikaanza kuuzwa dola 10 kwa mwezi. Shirika la Software Freedom Conservancy likawaita watu waondoke GitHub, na Novemba 2022 kesi ikafunguliwa Marekani. Mimi sina tatizo na mashine kusoma msimbo wangu. Tatizo langu ni leseni: mtu aliyeandika kwa masharti ya GPL, leseni ya programu huria, alisema wazi kwamba anayechukua naye atoe, na hakuna aliyemuuliza. Hapo watu wa Linux walikuwa na haki, ingawa kwa sababu ambayo wao wenyewe hawakuijua. Ila usidanganyike kwamba kuhama kunakulinda. Msimbo wa wazi ulio popote mtandaoni unaweza kuchotwa.

Jambo jingine ambalo Nairobi hatulijadili vya kutosha: Julai 2019 watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walikuta akaunti zao zimebanwa kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wengi walimlaumu mnunuzi. Lakini GitHub ilikuwa kampuni ya San Francisco tangu mwaka 2008, na sheria ile ingeifikia hata kama isingeuzwa. Kujua kampuni ni ya nani kuna maana, kujua iko chini ya sheria ya nani kuna maana zaidi.

(Na kwa wale waliopiga kelele zaidi kwenye lile kundi: Mei 2019 Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi hapa mjini. Wawili kati ya hao leo wanavaa beji zake Waiyaki Way, na tunapokutana nawakumbusha.)

Kuhusu ya juzi: ni kweli, Agosti 2025 Thomas Dohmke alitangaza anaacha ukurugenzi wa GitHub, nayo GitHub ikaingizwa CoreAI, kile kitengo cha akili mnemba ulichokitaja. Kwangu mimi hiyo ni habari nzito kuliko ile ya 2018, maana kabla ya hapo ilikuwa na mkurugenzi wake na mipaka yake. Lakini sijahama. Kazi zangu za wazi ziko palepale, kwa sababu mwajiri wa hapa akitaka kuniona anafungua huko. Kazi za wateja ziko Forgejo, programu huria ya kujiendeshea jukwaa kama GitHub, kwenye seva ndogo iliyoko Nairobi, na kila usiku nakala inapelekwa kwingine. Faida yake niliiona Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nje ikawa ya kutambaa. Sisi tuliendelea kusukumiana msimbo, maana ulikuwa unapita KIXP, kituo cha hapa Kenya cha kuunganisha mitandao ya intaneti, bila kuvuka bahari.

Wewe lakini usianze na seva. Seva inataka nakala za akiba, inataka masasisho, inataka mtu wa kuamka usiku, na wewe una mradi wa mwisho wa kuwasilisha. Baki GitHub, chukua kifurushi cha bure cha wanafunzi kabla hujatoka chuo, halafu uongeze anwani ya pili kwenye kila repo, iwe Codeberg, jukwaa jingine la aina hii, au GitLab, ili kila unaposukuma kazi iende kote. Maelezo ya maana yaandike ndani ya repo yenyewe, kwenye faili za kawaida, si kwenye tiketi. Tovuti yako iwe na jina lako la .ke, usitegemee anwani ya github.io unayopewa na GitHub kwenye barua ya maombi.

Na ile wiki ya GitHub, zile kurasa za maelezo zinazoambatana na repo, uliyosema imejaa maelezo ya mradi wako na unaogopa kuipoteza: hiyo ni repo ya Git kama nyingine. Chukua anwani ya repo yako, badilisha `.git` ya mwisho iwe `.wiki.git`, uivute. Ikikataa, hakikisha kwanza umeandika angalau ukurasa mmoja, kisha niandikie hapa ujumbe wa kosa unaouona.