Maswali na majibu: Vita vya Mwisho vimekwisha, wasomaji bado wana ugomvi

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba *A Memory of Light*, kitabu cha 14 na cha mwisho katika mfululizo wa riwaya za njozi wa *The Wheel of Time*, kinapigana vizuri na kuaga vibaya. Nilidhani nimesema neno dogo. Kumbe nimechokoza mzinga. Wengine mmenipongeza, wengine mmenikaripia, na mmoja ameuliza kama kweli nilikisoma au nilihadithiwa. Nimekisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Barua zote sitaziweza, kwa hiyo nimechukua zile zinazorudia jambo moja moja, nikaondoa matusi.

Onyo kwanza: waliokufa watatajwa hapa kwa majina. Kama hujafika mwisho, ishia hapa, tutakutana ukimaliza.

Ndugu mwandishi, tumlaumu nani hasa? Kwenye jalada kuna majina mawili.

Majina mawili, na nyuma yake yupo mtu wa tatu. Robert Jordan, ambaye jina lake la kuzaliwa ni James Oliver Rigney Jr., alitoa kitabu cha kwanza Januari 1990. Alipofariki tarehe 16 Septemba 2007, kwa maradhi ya amiloidosisi yaliyomshika moyo, alikuwa ametoa vitabu 11 na kimoja cha pembeni kinachosimulia mambo ya kabla. Cha 12, ambacho kwa hesabu yake ndicho kingefunga kazi, kilibaki vipande: matukio machache yaliyokamilika, rundo la madokezo, na mambo aliyoyasimulia kwa mdomo akiwa mgonjwa. Mtu wa tatu ni Harriet McDougal, mkewe na mhariri wake tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyesoma rambirambi zilizoandikwa na Brandon Sanderson, mwandishi kijana aliyekua akivisoma vitabu hivyo, kisha akampigia simu. Kitabu kimoja kikazaa vitatu: 2009, 2010, na hiki cha Januari 2013.

Mimi nagawa lawama hivi: kilichotokea ni cha Jordan, namna kilivyosimuliwa ni ya Sanderson. Mgawo huu haushiki kila mahali, maana madokezo yalikuwa na mapengo, na mapengo yalijazwa na aliyekuwa hai. Ila unasaidia. Ukikasirika kwamba Rand, shujaa mkuu wa hadithi, anaondoka bila kumuaga baba yake, malalamiko yako yanamhusu Jordan. Tukio la mwisho aliliandika mwenyewe. Ukikasirika kwamba Mat, rafiki yake Rand, anaongea kama mchekeshaji anayelipwa kwa idadi ya vichekesho, hilo ni la Sanderson, naye amekiri hadharani kwamba mwanzoni Mat alimshinda. Katika hiki cha mwisho amemkaribia zaidi.

Sura ya 37 ina kurasa kama 200. Huo si uandishi, ni adhabu. Niliisoma siku nne.

Siku nne ni mwendo mzuri. Mimi niliisoma kwa usiku mmoja na asubuhi yake, na nilikuwa sifai kwa kazi yoyote.

Lakini hapa nitabishana nawe. Sura fupi humpa msomaji mlango wa kutokea: unamaliza, unaweka alama, unalala. Sura hii imefunga milango yote. Unarushwa kutoka kwa jemadari hadi kwa mtoto aliyejificha, kutoka kwa mponyaji aliyeishiwa nguvu hadi kwa mpiga mishale, na kila ukidhani sasa nitapumua, mtu mwingine anakimbia. Uchovu ulioupata si ajali. Walio vitani wamechoka, nawe uchoke.

Tena vita vyenyewe vina akili. Kumbuka majemadari wakuu wanne, kila mmoja na uwanja wake, wote wakianza kufanya makosa madogo ambayo mtu wa heshima zao hawezi kuyafanya. Kikosi kinapelekwa kushoto wakati kilihitajika kulia. Agizo linachelewa kidogo tu. Msomaji anaanza kumshuku mmoja, halafu wa pili, kabla hajajua kwamba Graendal, mmoja wa maadui wakuu wenye uchawi, amewaingilia ndotoni na kuzipinda fikra zao. Ndiyo maana jeshi lote linaangukia mikononi mwa Mat, kijana aliyetumia vitabu kadhaa akikimbia ukubwa. Kwangu huo ndio msuko bora wa kitabu chote, na ungekufa kama ungekatwakatwa katika sura 15.

Lan, bingwa wa upanga, hakustahili kuua mtu ambaye hatumjui. Huyo Demandred katoka wapi?

Una haki nusu. Demandred tunamjua kwa jina tangu zamani, na miaka mingi wasomaji walikesha wakibuni amejificha wapi na kwa sura ya nani. Halafu anatokea na jeshi la Shara, nchi ambayo hadithi haijawahi kutupeleka, watu wake wanamwabudu, na sisi tunabaki tunaulizana. Adui mkubwa namna hiyo alihitaji kujengewa nyumba kabla ya kuvunjiwa.

Nyumba yenyewe iliandikwa. Kulikuwa na sehemu inayomfuata Demandred huko Shara, ikaondolewa kwa sababu ilikizidi kitabu uzito, kisha ikatolewa mwaka huo huo wa 2013 katika mkusanyo wa hadithi za waandishi mbalimbali uitwao *Unfettered*. Nimeisoma. Inamfanya Demandred kuwa mtu: anapata kupendwa na wale aliokwenda kuwatumia. Kuikata lilikuwa kosa, na ningeitoa sadaka robo ya mapigano ya kitabu ili irudishwe.

Kuhusu Lan, wamemtangulia wapiga upanga wawili, Gawyn akafa na Galad akakatwa mkono. Hakuja mwenye nafasi nzuri zaidi yao. Alikuja akiwa ameshakubali kufa, basi, na ndiyo tofauti.

Shikamoo. Niliacha kwenye kitabu cha 10 kwa sababu hakuna kinachotokea. Naweza kuruka hadi cha mwisho?

Marahaba mwanangu. Usiruke. Kitabu cha 10, cha mwaka 2003, kimewavunja moyo wengi, na mimi sitakitetea. Tafuta muhtasari wake, soma kwa dakika 10, songa mbele. Ila cha 11, cha 2005, ni Jordan mwenyewe aliyerudisha kasi, na cha 12 kina Rand mlimani peke yake katika kurasa ambazo bila hizo mwisho wote hautakuwa na maana kwako. Vitabu vitatu tu kabla ya kufika. Umeshabeba 10!

Kwa nini Siuan Sanche amekufa kwa sentensi chache, kama karani?

Hili limeulizwa na wasomaji sita, na sote sita na mimi wa saba tuna uchungu mmoja. Mwanamke aliyekalia kiti cha juu cha Mnara, makao ya wanawake wenye uchawi, akapinduliwa, akanyang'anywa uwezo wake, akaanza upya kutoka chini, anaondoka kando ya tukio la mtu mwingine. Wapo wanaosema vita ndivyo vilivyo, haviulizi cheo. Kauli hiyo ni ya kweli kuhusu vita na ya uvivu kuhusu hadithi. Mwandishi anachagua nani apewe ukurasa.

Padan Fain ni mbaya zaidi. Tangu kitabu cha kwanza yupo, mchuuzi aliyegeuka kitu kisichokuwa na jina, akitufuata kwa vitabu 13 kama harufu mbaya, akafika mwisho na kuuawa na Mat upesi kama mbu. Kama hakuwa na kazi, angekufa mapema. Kama alikuwa nayo, hatukuionyeshwa.

Kinyume chake ni Egwene, kiongozi wa Mnara. Kifo chake kimejengwa: Gawyn, mumewe, amekufa, kifungo cha kichawi kati yao kimekatika na maumivu yake yamemvaa, naye badala ya kuondolewa uwanjani anarudi, anagundua weave (uchawi uliosukwa) mpya inayoponya kile ambacho moto wa Taim, adui mchawi, unakibomoa, na anaitumia yote hadi inammaliza. Mimi sikumpenda Egwene miaka mingi. Ukurasa ule ulinifunga mdomo.

Kiko kiliwakaje?

Ameuliza mmoja, wametaka kujua wote. Rand, sasa akiwa ndani ya mwili wa adui yake Moridin na bila uwezo wa kugusa Nguvu Moja, chanzo cha uchawi wote, anafikiria kiko kimewaka, nacho kinawaka. Jordan ndiye aliyeliandika tukio hilo, na hakuacha maelezo. Wasomaji wengi hulieleza hivi: aliyesimama nje ya Kitambaa, yaani dunia na maisha yote yalivyofumwa, akakiona chote, sasa kinamsikiliza. Nalikubali hilo bila kulazimisha. Nimechoka na hadithi ambazo kila cheche ina fomula yake.

Mbona hatukuambiwa nani aliishije? Elayne alijifungua? Wale wanawake wa kola, wachawi waliofungwa shingo na kufanywa watumwa, waliachiliwa? Nilifunga kitabu nikahisi nimefukuzwa mlangoni.

Hapa ndipo niliposema kinaaga vibaya, na barua hii imelisema vizuri kuniliko. Tamati ni fupi mno kwa safari ya maneno zaidi ya milioni 4. Tunaona moto wa maziko, tunaona Tam, baba yake Rand, akiamini anamzika mwanawe, tunaona wanawake watatu wanaojua siri na hawalii inavyotakiwa, na farasi anaondoka. Mimba ya Elayne inabaki mimba.

Hata hivyo nakuomba uangalie upande wa pili. Kitabu cha saba cha *Harry Potter*, cha 2007, kilimpa msomaji kila kitu: miaka 19 baadaye, nani kamuoa nani, watoto wanaitwaje. Wengi wakakasirika vilevile, wakasema wamepokonywa haki ya kuwaza. Tolkien naye aliandika tamati ambamo Sam anajibu maswali ya watoto wake kuhusu kila mmoja alivyoishia, akashauriwa aiondoe, akaiondoa; *The Return of the King* ikatoka bila hiyo mwaka 1955, na rasimu ikachapishwa baadaye sana, 1992. Nimeisoma pia. Ni tamu, na ni vizuri iliondolewa.

Kwa hiyo mimi huyagawa maswali yaliyobaki mafungu mawili. Watoto wa Elayne ni wapi watasoma na nani atawalea, hilo niachie mimi niliwaze nikioga. Lakini wanawake wa kola si udadisi. Hadithi ilitufundisha tangu kitabu cha pili kwamba kola ile ni uovu, ikatuingiza ndani ya shingo ya Egwene mwenyewe, ikamkutanisha na Tuon, mtawala wa watu wanaoivalisha kola hiyo, uso kwa uso wakagombana kuhusu jambo hilo hilo, kisha ikafunga duka. Hiyo ni ahadi, na ahadi haifanani na udadisi. Jordan alikuwa na mpango wa vitabu vitatu zaidi kuhusu Mat na Tuon ambako pengine deni lingelipwa, lakini aliacha machache mno, na Sanderson amesema hataviandika. Nadhani ana haki. Deni linabaki, na aliyekopa hayupo.

Niliona watu wamekipa nyota 1 siku kilipotoka, kabla hata hawajakisoma. Walijuaje?

Hawakujua. Kitabu cha karatasi kilitoka tarehe 8 Januari 2013, toleo la kielektroniki likacheleweshwa hadi Aprili. Waliokuwa wakisoma kwenye vifaa vyao wakaona wamewekwa foleni ya nyuma, wakamwaga hasira kwenye nyota. Hasira naielewa, maana kukaa miezi mitatu ukikwepa kuambiwa nani amekufa ni kazi. Lakini nyota ile ilikuwa ya tarehe, haikuwa ya kitabu, na ilimpotosha aliyekuja kuuliza kama hadithi ni nzuri.

Tutauona mwisho huu kwenye televisheni?

Ule mfululizo ulioanza 2021 ulisimamishwa 2025 baada ya misimu 3. Soma.

Swali langu si la kitaalamu. Kifo kipi kilikuliza wewe?

Nilidhani sitaulizwa. Bela.

Cheka kwanza, nasubiri. Bela ni yule farasi jike mwenye manyoya ya kuvurugika, anayevuta mkokoteni wa Tam katika sura ya kwanza kabisa ya kitabu cha kwanza, wakipeleka vinywaji kijijini huku upepo ukiwapiga. Amepotea, amepatikana, amebadilisha waliompanda, vitabu 14, na hakuna aliyemtungia unabii. Katikati ya Vita vya Mwisho, Baragumu ambayo dunia nzima inaitafuta imo mikononi mwa mtoto, Olver, na mtoto huyo yuko juu ya Bela. Anakimbia kuliko umri wake. Mishale inampata.

Nilirudi nyuma kurasa mbili kuona kama nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Niliweka kitabu chini, nikaenda kunywa maji, na Vita vya Mwisho vikanisubiri.