Mama anasema ardhi ya Tucson imemkataa

*Shangazi, shikamoo. Ninaishi Tucson, Arizona, na mume wangu na watoto watatu. Mama yangu ana miaka 67. Alilima maisha yake yote karibu na Uvira, na Novemba iliyopita akaungana nasi hapa. Katikati ya Mei aliomba nafasi nyuma ya nyumba. Mume wangu akamtengenezea matuta, mama akapanda mahindi, maharage na lengalenga (mchicha), akatia majivu kama kwetu, akamwagilia kidogo kila jioni. Kufikia wiki ya kwanza ya Juni vyote vimekauka. Tangu hapo hatoki. Anakaa chumbani, anasema ardhi hii imemkataa na hata harufu ya mvua yake haijui. Kaka yangu wa Ohio anataka nimpeleke kwake. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kumwambia mama, mkiwa wawili tu, kwamba mikono yake haina kosa. Kule Uvira hapandi Julai. Hungoja mvua za Septemba au Oktoba. Jangwa la Sonora lina kanuni ile ile, miezi tu ndiyo imehama. Watu wa Tucson huhesabu misimu mitano kwa mwaka, na mama alipanda katika ule mkali kuliko yote: joto limepita nyuzi 38, hewa kavu mno, jani linapoteza maji haraka kuliko mzizi unavyoyaleta. Mvua huja Julai, pengine siku chache kabla, upepo ukigeuka na kuleta mawingu kutoka upande wa Meksiko. Kwa mwaka mzima mji hupata chini ya milimita 300, na karibu nusu yake hunyesha kati ya Julai na Septemba. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, wamelima kwa mvua hizo kwa karne nyingi. Mahindi yao huitwa ya siku 60, maana ni lazima yakomae kabla unyevu haujaisha.

Matuta nayo yalichangia. Tuta ni ufundi wa nchi yenye mvua nyingi, la kutoa maji yaliyozidi ili mizizi isioze. Jangwani hakuna yaliyozidi, kwa hiyo tuta hukauka juu na ubavuni kwa pamoja. Majivu hufaa udongo wenye asidi, ila wa Tucson umejaa chokaa. Ukiyaongeza, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Huenda mama aliuona umanjano huo akadhani ni kiu. Na ule umwagiliaji wa kila jioni hulowesha sentimita chache tu za juu, jua la kesho linayavuta maji, chumvi yake inabaki. Mkikuta ukoko mweupe juu ya udongo, ndiyo hiyo.

Sasa mna wiki mbili tatu za kujiandaa, na kazi ifanyike kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi, si zaidi. Kama nyumba ni ya kupanga, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba. Pigeni simu 811 siku kadhaa kabla ya kuchimba, waje kuonyesha bure mabomba na nyaya za kampuni zinapopita. Halafu chimbeni kishimo cha sentimita 30, mkijaze maji, yakishakauka mjaze tena. Kama maji ya mara ya pili bado yapo baada ya saa 24, chini kuna kaliche, tabaka jeupe la chokaa gumu kama saruji. Litobolewe kwa mtaimbo au mhamie upande mwingine. Mizizi iliyokaa juu ya kaliche huoza wakati wa mvua na kukauka baadaye.

Bustani yenyewe izame. Mita 1.2 kwa 2.4 zinatosha mwaka wa kwanza. Lainisheni udongo hadi sentimita 40, changanyeni mboji unene wa sentimita 10, kisha uso wa bustani ubaki chini ya njia kwa sentimita 15 hivi, kingo zikiinuliwa kwa udongo mliotoa. Wazuni wa New Mexico hulima visanduku vya namna hiyo, kimoja kando ya kingine, ili kila tone libaki lilipoangukia. Mkiweza, elekezeni maji ya paa huko kwa mfereji mdogo: paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 25, ni karibu lita 2,500. Ila bustani ikae mita 3 kutoka ukutani, msije mkalowesha msingi wa nyumba.

Lengalenga lirudi, tena liwe la kwanza. Mchicha hupenda joto hilo, na jamaa zake huota wenyewe jangwani mvua zikianza. Wameksiko wa huko huzichuma na kuzila. Matembele, bamia na kunde pia zitampa mboga hadi Oktoba. Maharage ya kawaida hudondosha maua kwenye joto kali, kwa hiyo chukueni tepari, maharage madogo ya jangwani. Yalowekwe usiku kucha na yachemshwe kwa muda mrefu kuliko yale mliyozoea. Mbegu za tepari na za mahindi ya siku 60 zinauzwa na Native Seeds/SEARCH, shirika lililoanzishwa hapo Tucson mwaka 1983. Mahindi yapandwe kwa kundi la mraba, si mstari mmoja, la sivyo chavua hupeperushwa na gunzi linatoka na mapengo. Sombe, yaani kisamvu, apande kwenye pipa kubwa, liingizwe ndani Novemba. Baridi ya usiku mmoja tu huua majani yote.

Mbegu zikiota, tandazeni nyasi kavu unene wa sentimita 8, na upande wa magharibi mfunge wavu wa kivuli wa asilimia 30 hadi 50. Mwagilieni alfajiri, polepole, hadi chuma chembamba kiingie sentimita 30 bila kugoma. Kikigoma mapema, maji hayajafika. Mpira wa maji uliolala juani hutoa maji ya moto, hayo yaingie kwenye ndoo kwanza. Sungura watakuja, kwa hiyo wekeni waya wa kuku.

Kuhusu harufu, nimelisoma neno hilo la mama mara mbili. Alifika Novemba, mvua za Julai hajaziona hata moja. Harufu ya mvua ya Tucson hutoka kwenye kichaka cha kreosoti, chenye majani madogo yanayong'aa kwa utomvu na maua ya njano. Mletee tawi, alipumulie pumzi ya joto kwenye kiganja, anuse. Wenyeji wengine huning'iniza matawi hayo bafuni ili mvuke uyaamshe. Asichemshe kunywa, hata akiambiwa ni dawa, hudhuru ini.

Chumbani asikae peke yake. Jasho la jangwani hukauka kabla mtu hajalihisi, na mzee hupungukiwa maji bila kusikia kiu. Mpe maji kwa saa, si kwa kiu. Kama anatumia dawa za presha, mwulizeni daktari wake kuhusu joto. Akianza kuchanganyikiwa au ngozi kuwaka moto, pigeni 911 papo hapo. Mtafuteni pia Iskashitaa, shirika la Tucson ambalo tangu 2003 huwakusanya wakimbizi na wenyeji kuchuma matunda yasiyo na mchumaji. Majira ya baridi mji umejaa machungwa machungu mitaani, yale ambayo watu wa pwani huyaita madanzi, na wengi huyaacha yaoze. Mama anayejua kutumia tunda chungu atakuwa mwalimu pale, na nadhani hicho ndicho anachokikosa zaidi ya mahindi.

Ohio isubiri. Mwambie kaka yako mtazungumza Oktoba, mama mwenyewe akiwepo, akiwa amevuna walau mara moja. Jumamosi hii, alfajiri, mtoke naye uani na chai yake, mumuulize shimo la kwanza lichimbwe wapi. Akishaonyesha kwa kidole, mumeo ashike mtaimbo.