Kusoma Politekniki na gita bado liko mkononi: inawezekana, ila si kwa ratiba

Mdogo wangu wa L1, mwaka wa kwanza, uliyeuliza kama mtu anaweza kusoma Politekniki, kitivo cha uhandisi, hapa Lubumbashi na bado abaki na gita lake na riwaya zake, jibu ni ndiyo, mimi nimetoka huko juzi juzi tu na bado napiga. Ila hao waliokujibu "panga ratiba" sijui kama wamewahi kukaa kwenye kozi zetu. Ratiba gani sasa? Profesa anatoka mji mwingine, anatua, kozi nzima inamalizwa kwa wiki moja asubuhi mpaka jioni, intero, yaani jaribio, Jumamosi, huyo amepanda ndege. Wiki inayofuata hakuna mtu, mnakaa nje mnapiga stori. Ukiwa umebandika ukutani "saa moja jioni riwaya", ile karatasi itakuwa inakusuta tu.

Na hiyo wiki tupu nayo si ya bure. Tangu LMD, mfumo wa licence-master-doctorat, ianze kwetu mwaka wa masomo 2021-2022 kredi ni 30 kwa semesta, 60 kwa mwaka, na ndani ya hizo kredi kuna kazi unayotakiwa kufanya mwenyewe bila profesa. Watu wa L1 wengi hawalijui hilo, wanaona oditwari, ukumbi wa masomo, imefungwa wanasema leo starehe, halafu ma-TP, zile kazi za vitendo, yanawaangukia yote pamoja.

Mimi naona gita na kitabu usivitendee sawa. Gita linataka miadi na watu, kitabu hakitaki miadi kabisa.

Gita nilikuwa napiga na majirani zangu pale mtaani Katuba, Jumapili baada ya misa, basi. Wenzako wakikungoja utaenda hata ukiwa umechoka, ukiwa peke yako kila siku ni kesho. Sisi tunapiga ule mtindo wa zamani wa Katanga wa vidole viwili, wa Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mjini Likasi mwaka 1952 wakati bado inaitwa Jadotville. Gumba linatembea na besi bila kusimama, kidole cha kuonyeshea kinaimba juu yake. Shida ya mtindo huo ni kwamba ukiuacha mwezi, gumba linaanza kufuata kidole kile kingine, vinagonga pamoja, besi inakatika katikati, na kuvitenganisha tena ni kazi kweli kweli. Njo maana katikati ya wiki nilikuwa nashika dakika chache tu kabla ya kulala, nakunja kitambaa nakiingiza chini ya nyuzi karibu na daraja la gita, sauti inakufa inabaki tik tik, mwenzangu wa chumba anaendelea na silabusi yake wala hainui kichwa. Wakati wa sesio, yaani mitihani, mazoezi hayo tu yanatosha. Jumapili tunaifuta, kila mtu anajua, hakuna wa kununa.

Riwaya sasa. Iweke pale ambapo silabusi haifunguki. Kwenye taksibasi ya kwenda mjini asubuhi umebanwa bega kwa bega, huwezi kusoma termodinamiki pale, utajidanganya tu, lakini kurasa mbili tatu za hadithi zinapita vizuri. Kwenye foleni ya fotokopi vilevile. Umeme ukikatika jioni ndo raha yenyewe, ila kitabu kiwe cha karatasi maana chaji ya simu utaihitaji kesho. Vya mtumba mjini vipo, bei ni ya kuongea, na Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, wana maktaba kama unapenda katuni.

Kingine ambacho sioni watu wakisema: kozi zetu zote ni Kifaransa, kwa hiyo jioni kichwa kimechoka na Kifaransa chenyewe. Nikishika riwaya ya Kifaransa najikuta napigia sentensi mstari kama natafuta swali la mtihani. Binamu yangu wa biashara za Kasumbalesa, kule mpakani, akawa ananiletea riwaya za Kiswahili kutoka Dar, hapo njo nikaanza kusoma kama mtu anayepumzika. Ikikuchosha ukurasa wa kumi iache, hakuna atakayekuuliza.

Wazazi sasa, hapo uwe mjanja. Anayekutolea makuta, yaani pesa, ya masomo akiona kozi imebaki hujaifaulu hatauliza profesa alifundishaje, gita njo litashtakiwa. Kwa hiyo ma-TP yatangulie, halafu piga mpaka wachoke.

Gita usiuze bana, kulinunua tena ni hadithi nyingine. Wewe uko opsyo gani, yaani tawi gani la masomo? Kama ni metalurgia silabusi zangu bado ninazo, na kama unakaa Katuba au mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi pita Jumapili tupige, ila uje na nyuzi zako.