Maswali na majibu: Unataka masta ya multimedia, umetengeneza nini?

Wiki hii najibu maswali ya multimedia tu maana yamejaa. Inaonekana nusu ya wahitimu wa Dodoma wanataka kwenda kusoma masta ya sanaa za kidijitali, ile ya vitu vinavyomjibu mtazamaji, akisogea picha inabadilika, akigusa sauti inatoka. Safi sana. Ila mnarudia maswali yale yale, kwa hiyo nikikujibu mstari mmoja usinune.

"Mkuu naomba link ya skolashipu ya multimedia, iwe inalipa kila kitu." (Kijana, Ng'ong'ona)

Sina link. Hujasema umesoma nini, unataka kwenda wapi wala umetengeneza nini, sasa nikutumie ya nini?

"Nimemaliza Multimedia pale CIVE, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Photoshop, Premiere na After Effects nazijua vizuri sana. Niombe masta nchi gani?" (Mhitimu, Makulu)

Umeanza na nchi, wenzako wote nao wanaanza na nchi. Kabla ya nchi tuongee hizo sofwea. Photoshop hata vijana wa steshenari karibu na Chuo cha Mipango wanaijua, na wengine wanakushinda spidi. Kazi ya Premiere ikiisha imeisha, mtu anakaa anaangalia. Hizi programu za masta wanataka kujua mtu akifika mbele ya kazi yako anafanya nini, na kazi yako inamrudishia nini. Kama hujawahi kutengeneza hata kitu kimoja cha namna hiyo utaandika barua ya maombi yenye "passion" mara sita halafu basi.

Angalia historia yenyewe. ITP, programu ya masta ya New York University, ilianza 1979, na Red Burns aliyeiongoza miaka mingi alitokea kwenye filamu za Canada, hakuwa mtu wa kompyuta. MIT Media Lab, maabara ya chuo cha MIT kule Marekani, ikaanza 1985. Processing, ile lugha ya kuprogramu ya wasanii, ilianzishwa 2001 na Casey Reas na Ben Fry wakiwa wanafunzi hapo hapo Media Lab. Hernando Barragán yeye alitengeneza Wiring, mfumo wa kuprogramu vifaa vya kielektroniki, kama kazi yake ya masta kule Ivrea, Italia, ili wasanii wasiteseke na saketi, na Arduino, ule ubao mdogo wa kielektroniki mnaouona leo, ilijengwa juu ya hiyo. Yaani vifaa vyenyewe vilitengenezwa na wanafunzi kama wewe, kwa sababu walikuwa na kitu wanataka kukifanya na hakuna kifaa kilichowatosha. Wewe una kitu gani unataka kukifanya? Jibu hilo, nchi itajipata yenyewe. Ukiwa mtu wa sensa (vifaa vinavyohisi mguso au mwendo) na mitambo ya kutengeneza kwa mikono, angalia programu ya masta ya Interface Cultures kule Linz, Austria, mji wa Ars Electronica, tamasha la sanaa za kidijitali. Ukipenda gemu na sanaa ya kidijitali na hutaki kwenda mbali, chuo kikuu cha Wits cha Johannesburg kipo, na sielewi kwa nini watu wa huku wanakiruka kama hakipo, mtu anaijua Helsinki ila Johannesburg anashangaa.

"Nina milioni 3, ninunue laptopu gani ya kujiandaa na masta?" (Area C)

Usinunue. Fungua p5.js kwenye brauza, ni ile Processing ya kwenye intaneti, ni bure na inaenda hata kwenye kompyuta ya zamani, kaa nayo miezi mitatu. Pasipoti peke yake ni 150,000, bado mtihani wa Kiingereza, bado ada za maombi, bado nauli za kwenda ubalozini Dar. Hizo milioni 3 utazililia.

"Nimesoma uhasibu, naweza kuomba?" (Nkuhungu)

Ndiyo, vyuo vingi vya aina hii vinapokea watu wa fani zote. Tena mhasibu mwenye kazi tatu zinazofanya kazi namtanguliza mbele ya mtu wa IT asiye na hata moja.

"Kuna wakala anataka milioni moja na nusu ampeleke kijana wangu Ujerumani, anasema kule chuo ni bure. Nimuamini?" (Mama, Kisasa)

Mama shikamoo. Pesa usitoe kwanza.

Wakala hajadanganya yote, ndiyo maana ni hatari. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani kweli havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Ila jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kila muhula, na Karlsruhe, mji wenye ZKM, kile kituo cha sanaa na teknolojia ambacho kila mtu wa sanaa za kidijitali anakitamani, uko jimbo hilo hilo. Halafu kuna akaunti maalum ya viza, pesa inafungiwa humo kijana anachota kidogo kidogo kila mwezi. Tangu 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Muulize wakala hizo zinatoka wapi, ukimuona anaanza kuzungusha maneno mara "tutaongea mkikamilisha malipo ya kwanza", ondoka.

Na mama, kuomba chuo kijana anaomba mwenyewe onlaini, hakuna mlango wa nyuma. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza haina ada ya maombi hata senti, ila wanataka awe na saa 2,800 za kazi, ni kama miaka miwili, na akimaliza arudi nyumbani angalau miaka miwili. Media Lab nao wakimchukua mtu wanamlipia ada na kumpa posho, ila wanachukua wachache mno, asiweke mayai yote hapo. Kijana mwenyewe akishindwa kujaza fomu bila wakala, na ile masta nani atamsomea?

"Mimi ni mwalimu Kondoa. Nataka nikafanye masta niiweke michoro ya mapangoni ya Kolo huku Kondoa kwenye VR, ile miwani ya uhalisia pepe, wanafunzi waione bila kusafiri. Wazo litakubalika?"

Mwalimu, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Wazo lina nguvu, ila hivyo lilivyo bado ni video ya kutembeza kamera, tofauti yake mtu amevaa miwani. Halafu piga hesabu ya darasani kwako: wanafunzi 80, miwani moja, kila mtu dakika tatu, hiyo ni saa nne na wa mwisho ameshaenda nyumbani. Sasa chukua projekta na kamera ya kawaida, ukuta wa darasa ugeuke mwamba, kivuli cha mtoto kikipita mchoro uliofifia ujitokeze, wakisimama watatu kwa pamoja utokee mwingine. Darasa zima liko ndani na umetumia pesa ndogo. Hiyo ukiipeleka kwenye usaili watakaa wakusikilize.

Ila sasa kuna jambo hukuuliza. Michoro ya Kondoa iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006, mapango yenye michoro ni zaidi ya 150, na mengine watu wa maeneo yale bado wanayatumia kwa matambiko. Siyo ukuta usio na mwenyewe. Nenda idara ya serikali ya Mambo ya Kale uchukue kibali, kisha kaa na wazee uwaulize nini kionyeshwe na nini kiachwe, na wakisema hapa usipige picha usipige. Na tafadhali nakuomba sana asije mtu akamwagia mwamba maji ili rangi zikolee kwenye picha, nimeshasikia watu wanashauriana huo upuuzi, unaharibu mchoro uliokaa miaka na miaka kwa ajili ya picha moja.

Hili liwahusu na nyie mnaorekodi ngoma za Kigogo kwa simu halafu mnakata vipande vya ala za ilimba na zeze mnatengenezea "installation", yaani kazi ya sanaa ya kuweka ukumbini. Muziki huu marehemu Hukwe Zawose aliutoa huku kwetu akaufikisha duniani, watu wanaujua thamani yake kuliko mnavyodhani. Kikundi kina viongozi, andikianeni, walipeni, majina yao yawepo kwenye kazi. Maprofesa wa siku hizi wanauliza hilo swali, na ukijibu "niliikuta YouTube" umejimaliza.

"Potifolio iwe na kurasa ngapi?" (wengi sana)

Soma maelekezo ya chuo husika. Kila chuo na lake!!

Ninachoweza kuongeza ni hiki: kwenye potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako, weka video fupi ya watu wasiokujua wakitumia kazi yako. Siyo mshikaji wako wa hosteli anayejua pa kugusa. Nanenane pale Nzuguni inajaa watu, omba kona kwenye banda lolote, weka kitu chako, kaa pembeni unyamaze uone. Vumbi la Dodoma litaingia kwenye sensa, umeme utakatika, watoto watagonga, bibi mmoja atapita bila kuelewa kabisa ni nini. Yote hayo weka, na onyesha ulirekebisha nini kesho yake, kazi isiyo na doa hata moja inatia mashaka.

"Nikirudi nitapata kazi ya kufundisha chuo?" (Mhitimu, Chang'ombe)

Inawezekana, ila angalia mtego. Vyuo vyetu vikiajiri vinaangalia GPA, na baadhi ya shule za sanaa huko nje hazitoi alama, zinaandika umefaulu au umefeli, basi. Unarudi na cheti kizuri, afisa utumishi anatafuta namba haioni, faili linakaa. Kabla hujakubali nafasi uliza chuo matokeo yanaandikwaje, na uliza TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) mapema kuhusu kutambuliwa kwa hiyo shahada, usisubiri umeshapanda ndege ya kurudi.

"Nimesoma kwa Kiingereza tangu form one, mtihani wa IELTS wa nini tena?"

Vyuo vingine vinakubali barua ya chuo chako, vingine hapana. Waandikie barua pepe, wanajibu.

"Naweza kutumia AI iniandikie maelezo binafsi?" (Kijana, Ng'ong'ona, yule yule wa link)

Unaweza. Itaandika vizuri kwamba tangu utotoni ulivutiwa na teknolojia na ubunifu, kama ilivyowaandikia wengine elfu kwenye lile rundo. Kuhusu yule bibi wa Nzuguni haitaandika kitu maana haikuwepo. Na wewe kama hukuwepo, rudi kwenye jibu langu la kwanza.