Kilo za kwenye geji si sawa na atmosfia

Ndugu yangu, umeuliza kama "kilo" za geji ya kompresa yako ndizo atmosfia. Zinakaribiana, ila si kitu kimoja. Kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni paskali (kipimo cha kanieneo) 98,066.5, ilhali atmosfia 1, yaani kanieneo ya kawaida ya hewa usawa wa bahari, ni paskali 101,325. Kupata kilo, zidisha atmosfia kwa 1.033.

Tairi lako la psi 32 (pauni kwa inchi ya mraba): kilo 1 ni psi 14.22, basi gawanya kwa 14.22, jaza hadi kilo 2.25. Ukigawanya kwa 14.7, ambayo ni ya atmosfia, utaishia 2.18 na tairi litapungukiwa upepo psi 1 hivi. Geji ikisoma sifuri, hewa ya kawaida bado imo ndani, usiijumlishe kwenye kipimo cha geji, tafadhali.