Usipige Windows upya: kwanza jua DNS ya ofisi yenu ni ipi

Mkuu, nimepitia swali lako na ushauri wote uliopewa. Kwa wanaoingia sasa hivi: kompyuta ya mhasibu, Windows 10, waya wa mtandao umechomekwa vizuri, ghafla ikagoma kufungua tovuti wakati za wenzake zinafungua. Ukaambiwa uweke 8.8.8.8 kwenye DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti au seva kuwa anwani ya IP), ukaweka, tovuti zikarudi. Lakini tangu hapo mfumo wa uhasibu ulioko kwenye seva ya ofisi haufunguki, folda ya pamoja haipatikani, na sasa kuna anayekushauri upige Windows upya.

Usipige. Windows haina ubovu. Hiyo 8.8.8.8 ndiyo iliyokata mawasiliano na seva, na chanzo cha kwanza bado kipo pale pale, kimefunikwa tu. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za maofisi na kesi ya aina hii nakutana nayo mara kwa mara, kwa hiyo nivumilie niandike kwa kirefu.

8.8.8.8 ni seva ya majina ya Google, iko wazi kwa umma tangu 2009. Ukiiuliza tovuti ya benki iko kwenye anwani gani, itakujibu. Ukiiuliza jina la seva iliyoko kwenye kabati la ofisini kwenu, itakwambia hakuna kitu kama hicho, kwa sababu jina hilo limeandikwa kwenye DNS ya ofisi peke yake. Na anwani ya seva yenu bila shaka inaanza na 192.168 au 10, au iko kati ya 172.16 na 172.31. Hayo ni mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani. Ofisi nyingi duniani zinatumia anwani hizo hizo kila moja kivyake, na hazipitishwi kwenye intaneti.

Thibitisha mwenyewe kabla ya kugusa chochote. Fungua cmd, yaani dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta ya mhasibu, uandike ping ikifuatiwa na anwani ya IP ya seva, kwa mfano:

ping 192.168.10.5

Ikijibu, basi waya, swichi na anwani ya IP viko salama, kilichokufa ni majina. Sasa andika nslookup, amri inayoiuliza DNS anwani ya jina, na jina kamili la seva, lile refu lenye nukta. Halafu rudia amri hiyo hiyo, ila mwishoni uongeze anwani ya DNS ya ofisi (utaipata kwenye kompyuta ya jirani, nitakuonyesha hapo chini):

nslookup seva.ofisi.local 192.168.10.2

Amri ya pili inaiuliza DNS ya ofisi moja kwa moja bila kujali kompyuta imewekewa nini. Ya kwanza ikikataa na ya pili ikajibu, umeshapata ushahidi wote unaouhitaji. Na usidanganyike ukiona folda fulani inafunguka kwa jina fupi: kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja zina njia zao za kuitana bila DNS, ndiyo maana tatizo hili huonekana kama linachagua.

Sasa twende kwenye chanzo, na hapa ndipo watu wengi hupita haraka. Swali si "niweke namba gani", swali ni "namba zilizopo zimetoka wapi". Nenda kwenye kompyuta ya jirani inayofanya kazi vizuri, andika ipconfig /all, piga picha kwa simu. Fanya hivyo kwenye ya mhasibu. Weka picha mbili pamoja usome mstari kwa mstari: IPv4 Address, Subnet Mask, Default Gateway, DHCP Enabled, DHCP Server, DNS Servers. (DHCP ni huduma inayozigawia kompyuta anwani na DNS zenyewe bila kuandika kwa mkono.) Anwani ya IP lazima itofautiane tarakimu za mwisho, zilizobaki kwa kawaida zinatakiwa zifanane.

Kwa maelezo yako, lango lenu (Default Gateway, mlango wa kutokea kwenda intaneti) linafanya kazi, maana bila hilo hata 8.8.8.8 isingekusaidia. Kwa hiyo nina uhakika mkubwa kwamba kabla hujaweka ya Google, sehemu ya DNS ilikuwa na namba isiyojibu. Mara nyingi ni namba iliyoandikwa kwa mkono miaka iliyopita na fundi aliyeondoka, ikielekea kwenye seva ambayo imezimwa au kubadilishiwa anwani. Wenzake wanapokea DNS kutoka kwa DHCP, wakapata mpya bila kujua. Yeye akabaki na ya zamani. Pia kuna programu za VPN (zinazopitisha mtandao wako kwenye seva ya mbali) ambazo zikifungwa vibaya huacha DNS zake nyuma. Na usisahau virusi: kile kiitwacho DNSChanger kilikuwa kinabadilisha DNS za watu kimyakimya, na FBI walipoikamata mitambo yake mwaka 2011 ilibidi seva za muda ziwekwe hadi Julai 2012, kwa sababu kama mitambo hiyo ingezimwa hapo hapo, kompyuta nyingi zingekosa intaneti ghafla. Ukikuta namba ya DNS ambayo hakuna mtu ofisini anayeitambua, piga skani kwanza.

Huo mstari wa DHCP Server nauheshimu sana, na nitakwambia kwa nini. Kuna ofisi moja niliitwa ambako kompyuta zilikuwa zinapoteza mtandao kwa zamu: leo ya masjala, kesho ya mapokezi, ukiizima na kuiwasha inapona, baada ya muda inapotea nyingine. Walishabadilisha waya na swichi. Nikasoma ipconfig /all ya kompyuta iliyokuwa imepotea: anwani yake 192.168.0.104, DHCP Server 192.168.0.1. Ofisi nzima ilikuwa kwenye 192.168.10. Maana yake kulikuwa na kifaa kingine ndani ya jengo kinagawa anwani, na kila kompyuta ilipoomba, aliyewahi kujibu ndiye aliyesikilizwa. Nikaandika arp -a kupata namba ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya 192.168.0.1, nikatazama tarakimu zake sita za mwanzo, ambazo hutambulisha kiwanda, ikaonyesha ni ruta ndogo za nyumbani. Kutoka hapo ni kufuata waya. Tuliikuta nyuma ya kabati la mafaili, ruta ya laini ya simu iliyoletwa siku intaneti ya ofisi ilipokatika, ikachomekwa kwenye swichi kupitia tundu la LAN, bando likaisha, ikasahaulika ikiwa inawaka. Kuichomoa tu, kisha ipconfig /release na ipconfig /renew kwenye kompyuta zilizoathirika, kazi ikaisha. Hakuna namba yoyote ya DNS ambayo ingeponya ile ofisi.

Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia. Huku kwetu hutokea sana umeme ukirudi baada ya kukatika, kompyuta inawaka kabla ruta na swichi hazijawa tayari. Subiri kidogo, renew. Ikiendelea, kagua waya na tundu la ukutani, au kama fungu la anwani limeisha kwa sababu simu za wafanyakazi wote zimeingia kwenye Wi-Fi ile ile.

Kuhusu mchangiaji aliyesema uweke DNS ya ofisi iwe ya kwanza na 8.8.8.8 iwe ya pili: ushauri huo unaonekana wa busara na ndio unaoleta shida ngumu kuliko zote. Windows haiulizi ya pili kwa sababu ya kwanza imesema "jina halipo". Inaiuliza pale ya kwanza inapokaa kimya. Seva ikichelewa kidogo tu, mathalani inapojiwasha upya, kompyuta inahamia kwa Google na inaweza kubaki huko kwa muda. Basi utakuwa na mashine ambayo asubuhi inaona mfumo wa uhasibu, mchana haiuoni, na hakuna aliyegusa kitu. Kama kompyuta zimeunganishwa na domeni ya Windows, yaani seva moja inayosimamia watumiaji wote wa ofisi, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata kuingia kwa nywila ya mtumiaji kunategemea DNS ya ndani. DNS ya pili iwe nyingine ya ndani, au pasiwe na kitu. Mahali pa 8.8.8.8 au 1.1.1.1 (DNS nyingine ya umma) ni kwenye seva ya DNS yenyewe, pale inapoambiwa imuulize nani majina ya nje.

Marekebisho yenyewe ni mafupi. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bonyeza kulia kwenye kadi ya mtandao, Properties, kisha Internet Protocol Version 4. Kama picha ya jirani inaonyesha DHCP Enabled: Yes, chagua "Obtain" zote mbili, ya anwani na ya DNS. Kama ofisi yenu inaandika kwa mkono, weka DNS ile ile ya jirani. Utahitaji nywila ya msimamizi, kwa hiyo mhusishe anayesimamia mtandao. Ni vizuri pia ajue kilichotokea. Baada ya hapo:

ipconfig /flushdns

Hii inafuta majibu ya zamani yaliyohifadhiwa. Funga kivinjari na ukifungue tena. Kama nslookup inatoa anwani sahihi lakini ping kwa jina lile lile inaenda kwingine, fungua faili la hosts (orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe) lililoko C:\Windows\System32\drivers\etc, kwa sababu ping hulisoma ila nslookup hailisomi. Kuna mafundi huandika anwani za seva humo na kuondoka. Na kama mfumo wa uhasibu mnaufungulia kwenye kivinjari, angalia kama ile DNS salama (Secure DNS) imewashwa kwenye mipangilio yake, nayo inaweza kuruka DNS ya ofisi.

Ile alama ya dunia inayosema hakuna intaneti usiifanye hakimu. Windows inaamua kwa kujaribu kufikia ukurasa mdogo wa Microsoft, msftconnecttest.com, ukizuiwa na ukuta wa ulinzi (firewall) wa ofisi, alama inabaki hata kama kila kitu kinafunguka.

Ukimaliza, weka hapa mistari ile sita ya kompyuta zote mbili kama ilivyo. Anwani za ndani hazifikiki kutoka nje, ila jina la ofisi na la kompyuta lifute. Kama hiyo DNS ya zamani unaikumbuka au uliipiga picha kabla ya kuibadilisha, iweke pia, maana hiyo ndiyo itakayotuambia iliandikwa na nani na kama kuna kompyuta nyingine ofisini bado zinaibeba.